Mashua Niliyoichagua Mara ya Pili

Mkitumwa kununua mashua, wanangu, msianze na mashua. Angalieni kwanza gari litakaloivuta, halafu barabara, halafu maji yenyewe, na hayo maji myaangalie mkiwa mmevua viatu na kukunja suruali. Mashua iwe ya mwisho. Mimi nilianza na mashua, ndiyo maana nina la kuwaambia. Naona mnapita hapa kwangu Magomeni na picha mkononi, mnainyooshea kidole: "Shikamoo babu Athumani. Hii je, si nzuri?" Marahaba. Nzuri, ndiyo. Hata ya kwangu ya kwanza ilikuwa nzuri.

Mimi si mtu wa pwani. Nimezaliwa Zombo, na chombo cha kwanza nilichopanda kilikuwa kengele ya baiskeli ya baba, maana nilikaa juu ya usukani na kengele ikawa inanichoma. Uhuru ulinikuta utingo wa lori la mkonge. Ujamaa ulinikuta dereva mwenye leseni, naendesha landrova ya huduma ya afya hapa Kilosa. Maji niliyoyajua ni ya kisima na ya mto Mkondoa, na Mkondoa niliuogopa.

Miaka ile watu walikuwa wanahamia vijiji vipya. Kimoja kilikuwa ng'ambo ya mbuga ya Mkata. Kilipimwa kiangazi, udongo mweusi ukiwa umepasuka unaweza kuingiza mguu kwenye ufa. Watu wakajenga, wakalima, wakawa na shule ya makuti. Masika ya kwanza mbuga ikajaa maji kutoka huku mpaka kule, na kijiji kikawa kisiwa. Katikati kulibaki vitongoji viwili vitatu juu ya vichuguu, navyo vina watu. Kuwafikia wote na kurudi kulichukua siku nne, na pa kulala pakavu hapakuwepo.

Mwanzoni tulitumia mtumbwi. Ulipinduka, sanduku la dawa likaenda na maji, na nesi wetu akatoka kwenye matete bila kiatu kimoja. Basi wakubwa wakaamua tutafutiwe mashua ndogo. Iwe ya tanga, kwa sababu petroli ilikuwa ya kibali na kibali kilikuwa cha kusubiri, na tena mashine matete huiziba. Iwe na chumba, watu walale ndani yake. Na ikae juu ya tela, kwa sababu wiki hii ilitakiwa Mkata, wiki ijayo kwenye ziwa la upande wa Kidete, ikitoka hapo Kidodi kwenye mto Ruaha, na kiangazi irudi kwenye banda letu isubiri.

Barua ya kwenda kuchagua iliandikwa jina langu. Mimi ndiye nitakayeivuta, wakasema, basi mimi ndiye nichague. Nikaikunja ile barua vizuri nikaiweka mfuko wa shati, mfuko wa mbele, ili ionekane.

Tulikwenda watu watatu. Wa kwanza mimi. Wa pili nesi Perpetua, ambaye sote tulimwita Sista kama walivyoitwa manesi wakati ule, mwanamke mnene kidogo, mcheshi, ambaye hakuwahi kunidanganya hata mara moja kwa muda wote niliomjua. Wa tatu fundi Makame. Huyu alikuwa seremala aliyezaliwa Pemba, akaja bara kufanya kazi ya kutengeneza mabehewa, akaoa Kilosa akabaki. Alikuwa amekaa miaka mingi bila kugusa mashua, lakini mikono yake ilikumbuka. Alipotembea hata kwenye nchi kavu alikuwa anapanua miguu kidogo, kama anangoja sakafu iyumbe.

Kiwanja cha mashua kilikuwa Dar es Salaam. Tulioneshwa tatu.

Moja ilikuwa ya mbao nyembamba, bapa, ya kufungwa mashine nyuma. Hiyo tuliiacha. Ya pili ilikuwa nyeupe. Wanangu, ilikuwa nyeupe! Ina mstari wa buluu ubavuni, shaba inang'aa, mlingoti mrefu mpaka ukiutazama kofia inadondoka. Chini ulishuka mkuku wake, ule uti wa chini ya tumbo la chombo unaokizuia kwenda upande, ukashuka mrefu kama jembe la trekta. Ya tatu ilikuwa fupi, pana, imepakwa rangi ya kijani ya aina ambayo mtu hupaka choo kwa sababu imebaki. Mkuku wa kushuka haikuwa nao. Badala yake ilikuwa na ubao mmoja katikati, ndani ya ala yake, unaoushusha maji yakiwa mengi na kuuvuta juu kwa kamba maji yakipungua. Na mlingoti wake ulikuwa na bawaba chini, unaulaza kama unavyolaza kitanda cha kukunja.

Makame alizunguka ile ya kijani mara mbili. Akatoa kisu kidogo, akawa anachoma mbao polepole, hapa na hapa, hasa chini karibu na maji, na kwenye kona ambako mbao mbili zinakutana. Pale kisu kilipoingia kwa urahisi alisimama akanusa.

"Unanusa nini, fundi?" nikamuuliza.

"Mbao iliyooza hunuka uyoga. Hii hapa haijaoza, imelowa tu. Sikiliza." Akagonga kwa mpini. "Inajibu. Ile nyeupe, ukiigonga pale nyuma, haijibu."

Sista yeye aliuliza kama anaruhusiwa kupanda. Akavua viatu, akapanda ile nyeupe akiwa na gauni lake la kazi, akaingia chumbani na kulala chali. Mlinzi wa kiwanja akaniangalia. Sauti ikatoka ndani: "Athumani, hapa nalala kama kisu kwenye ala. Nikitaka kugeuka itabidi nitoke nje nigeuke nirudi." Akashuka. Akapanda ya kijani, akalala tena. Tukangoja. "Hapa," akasema, "naweza hata kuzalisha."

Nikacheka. Nikachagua nyeupe.

Msiniulize sababu, maana sababu mnaijua. Nilijiona naingia Kilosa nayo. Nikasema maneno ya kitaalamu ambayo nilikuwa nimeyaokota pale pale kiwanjani: kwamba mkuku mrefu unaipa mashua uthabiti, kwamba haitapinduka kama mtumbwi. Maneno hayo ni ya kweli. Baharini ni ya kweli kabisa. Makame akaniangalia, akasema, "Barua ni yako, mwanangu," akaanza kutafuta kamba ya kufungia.

Njia ya kurudi ilinipa mafunzo mengine, nami nayatoa bure. Tela likipakiwa uzito wote nyuma, mbele likawa jepesi, litacheza mkia barabarani na mkia huo utaitikisa landrova mpaka usukani ukuchomoke mkononi. Kabla ya kuondoka, inua kichwa cha tela kwa mikono. Mtu mmoja akikiinua kwa urahisi kama ndoo tupu, sogeza mzigo mbele. Mkihitajiwa wawili mkikunja uso, safari njema. Mimi niligundua hilo baada ya Chalinze, nikiwa nimeshaharibu chakula cha Sista kilichokuwa tumboni mwake.

Na kurudi nyuma na tela, jifunzeni uwanjani kabla hamjahitaji. Mimi nilihitaji ndani ya mbuga ya wanyama ya Mikumi, saa kumi jioni, tembo dume akiwa amesimama katikati ya barabara. Nikaweka gia ya nyuma. Nikakata usukani kushoto, tela likaenda kulia. Nikakata kulia, likaenda kushoto, halafu likajikunja kabisa, tukawa tumefunga barabara sisi wenyewe, ubavu mweupe wa mashua umemgeukia tembo.

Makame alikuwa hajawahi kumwona tembo karibu hivyo. Akasema kwa sauti ndogo sana, bila kugeuza shingo: "Athumani. Mwambie sisi tutapita kesho."

Sista alikuwa na rozari mkono mmoja na karanga mkono wa pili, na hakuachia chochote kati ya hivyo viwili. Tembo akaja. Akanyoosha mkonga, akaupapasa mlingoti uliotoka nje nyuma ya tela, pale nilipokuwa nimefunga kitambaa chekundu. Akavuta kitambaa. Akakichukua, akaondoka nacho majanini. Tela lilikuwa bado limefunga barabara. Baadaye utingo wa lori la mbao, mtu nisiyemjua mpaka leo, alinifundisha pale pale barabarani: shika usukani kwa chini, sio juu. Unapotaka mkia wa tela uende, peleka mkono wako huko huko. Ni hivyo tu. Namshukuru kila ninapowaona mnahangaika na lile tela la majenereta.

Kilosa tulipokelewa vizuri. Watu walikuja kuitazama bandani kama wanaangalia bwana harusi. Niliipangusa kila asubuhi.

Masika yakafika. Siku yenyewe Sista alitoa chupa za chanjo ya surua kwenye friji la mafuta ya taa, akazipanga kwenye sanduku lenye barafu, akafunika na blanketi. Chanjo ile ikipata joto inakufa, na ikishakufa huwezi kuijua kwa macho, inabaki maji ya kawaida. Barafu ingeshika siku mbili, tukiharakisha. Kijiji cha ng'ambo kilikuwa kimepelekewa habari, na akina mama walikuwa wameambiwa siku.

Tulishusha mashua mahali ambapo barabara inaingia majini. Hapo maji yalikuwa mengi, ni mkondo wa mto wenyewe, na kwa saa nzima sijawahi kuwa na furaha kama ile. Tanga likajaa. Makame akashika usukani, akawa anaimba wimbo wa kwao. Halafu tukatoka kwenye mkondo tukaingia mbugani penyewe.

Nilisikia kwanza kwenye nyayo. Ule mkuku mrefu ulikuwa umegusa udongo. Mashua ikatembea kidogo, ikasita, ikalala ubavu polepole kama ng'ombe aliyechoka, ikatulia. Niliruka majini. Maji yakanifika mapajani. Mashua iliyotaka maji ya kifuani ilikuwa imesimama kwenye maji ya mapajani, na mbele yetu mpaka upeo wa macho maji yote yalikuwa ya mapajani.

Tulisukuma kwa mabega. Tulisukuma kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Tulitoa mizigo, tukajaribu kuilaza zaidi ili mkuku uinuke, maji yakaingia chumbani tukakesha tunayafua, yaani kuyachota na kuyamwaga nje. Siku ya pili adhuhuri Sista alifungua sanduku, akaingiza mkono, barafu ilikuwa karibu kwisha, akalifunga tena. Akalibeba kichwani, yeye na Makame wakatembea kwa miguu hadi kijijini, mwendo wa mpaka jioni ndani ya maji yale. Mimi nilibaki kulinda mashua, kana kwamba kuna mtu angeiiba.

Makame alinisimulia baadaye. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye shule ya makuti tangu asubuhi, watoto wamepakwa mafuta. Sista akasimama mbele yao na gauni limelowa mpaka kiunoni. Angeweza kuwachoma wale watoto. Hakuna ambaye angejua. Akasema, "Ndugu zangu, dawa imekufa njiani. Siwezi kuwachoma watoto wenu maji. Mnisamehe. Nitarudi." Mmoja wa akina mama, jina lake Mwajabu, alisimama akamletea maji ya kunywa na kumwambia akae apumzike.

Mashua tuliikokota kwa kamba mpaka mkondoni, vijana wa kijiji wakitusaidia, lakini kabla hatujarudi kijijini na dawa nyingine, surua ilitangulia. Habari tuliletewa na mtu aliyezunguka mbuga kwa baiskeli. Watoto wengi waliugua na wengi walipona. Binti wa Mwajabu hakupona. Alikuwa na miaka miwili.

Sitaki kuwaambia kwamba ni mimi niliyemuua. Sista alinikataza kusema hivyo, na nilimheshimu. Lakini sitaki pia kuwaambia kwamba mashua ile haikuhusika. Nilikwenda kwa mkuu wangu wa kazi nikiwa na ile barua yangu, nikaiweka mezani.

"Nilichagua kwa macho," nikamwambia. "Nesi na fundi walijua. Mimi nilitaka inayopendeza. Nipe adhabu, halafu mpe fundi Makame barua."

Aliichezea kalamu yake. Alikuwa mtu mkali, tulimwogopa. "Ndugu Athumani," akasema, "nikimfukuza mtu leo, mwingine nitamfundisha lini? Wewe somo umeshalipata, mimi nimeshaligharamia. Kaibadilishe."

Mpaka leo nikiomba dua namtaja.

Makame ndiye aliyenifundisha sasa kuchagua. Hakusema "nilikwambia". Katika miaka kumi na moja tuliyofanya kazi pamoja baada ya hapo hakulisema neno hilo, na nafasi alizipata nyingi. Alikata mti mnyoofu urefu wa mtu, akaukwangua ganda, akanipa.

"Twende tukayapime maji," akasema.

Tuliingia mbugani kwa miguu, siku mbili, mimi na yeye, kila hatua mia nachomeka mti na yeye anakata alama kwa kisu pale maji yalipofika. Tulikutana na viboko mara moja, tukawazunguka mbali, tukasubiri, tukaendelea. Mwisho wa siku ya pili tukaukalisha ule mti kwenye kichuguu tukauangalia. Alama nyingi zilikuwa zimejazana mahali pamoja, juu kidogo ya goti, chini kidogo ya kiuno.

"Haya ndiyo maji yako," Makame akasema. "Sio yale uliyoyaona Dar es Salaam. Chombo chako kikiwa kimebeba watu, dawa, maji ya kunywa na nanga, kielee hapa, tena kibakize chini yake shubiri moja ya kukanyagia hofu."

Ile ya kijani ilikuwa bado ipo. Bila shaka ilikuwa ipo, nani angeichukua? Mwenye kiwanja aliipenda ile nyeupe kiasi kwamba kubadilishana hakukuwa na maneno. Safari hii sikuangalia rangi. Nilichukua mti wangu nikapima nao chini ya mashua ikiwa majini na watu watano ndani. Nikausimamisha mlingoti peke yangu, nikaulaza, nikausimamisha tena, kwa sababu siku mtakayosimamisha mlingoti ni siku ya mvua na mwenzenu mmoja ana homa. Ukishindwa kuusimamisha peke yako kiwanjani, kwenye jua, mashua hiyo si yako. Nikaupandisha na kuushusha ubao wa katikati mara ishirini nisikie kama unakwama. Nikalala ndani mimi mwenyewe, nikaketi, nikajifanya naugua. Sista akauliza swali moja tu: "Sanduku la barafu litakaa wapi? Sisemi miguu yangu. Miguu itajikunja." Tukapata mahali chini ya sakafu, penye kivuli na ubaridi wa maji upande wa pili wa mbao. Makame akapiga kalafati mwili mzima, yaani akaziba kila mwanya kwa pamba na mafuta, wiki nzima, na hakuna aliyemharakisha.

Na jingine kabla sijasahau, maana hili ndilo mnalolisahau kila mwaka. Tela likifika majini, msilitumbukize papo hapo. Magurudumu yametoka mbali, beringi zina moto. Ukizitia kwenye maji baridi zikiwa na moto zitanyonya maji na mchanga, na kesho zitalia, keshokutwa zitakatika. Simameni. Wekeni mkono kwenye kitovu cha gurudumu. Kama huwezi kuuacha hapo ukihesabu mpaka kumi, chemsheni chai. Wakubwa watawaona wavivu. Waacheni.

Siku ile tulichemsha chai. Kila baada ya funda mbili nilirudi kwenye gurudumu kuhesabu mpaka kumi. Sista alikuwa amekaa juu ya sanduku kabisa, kama kuku juu ya mayai.

Tukashusha. Mlingoti ukasimama. Mkondoni tulishusha ubao, tanga likachukua upepo wa ubavuni, mashua ikaenda kwa unene wake, haina haraka, inapiga maji kwa kifua, pwaa, pwaa. Watoto wa kandokando waliitazama wakacheka. "Choo kinatembea!" mmoja akapiga kelele. Tulipoanza kuona majani yanatokeza juu ya maji, Makame akanitazama. Nikavuta kamba. Ubao ukapanda kwenye ala yake. Nikangoja kuisikia nyayoni, ile sauti ya kugusa.

Haikuja. Tukapita pale tulipokwama mara ya kwanza, nikapajua kwa mchongoma uliokuwa peke yake pale, na mashua haikuuliza chochote.

Mchana upepo ukatugeukia, ukawa unatoka kule kule tunakokwenda. Bila ubao chini, mashua haiwezi kubisha, yaani kukata upepo kwa kwenda mshazari huku na huku. Na ubao haukuwa na pa kushuka. Tukashusha tanga, tukalaza mlingoti ili upepo usiushike, tukachukua pondo, mimi mbele Makame nyuma, tukasukuma mpaka viganja vikafanya malengelenge. Kwa hiyo msije mkaniambia kwamba kuna mashua isiyo na kasoro. Ya kijani haikujua kwenda dhidi ya upepo kwenye maji machache. Ila kasoro yake ilikuwa ya kutuchosha sisi, haikuwa ya kuharibu dawa. Hilo ndilo la kuuliza mnapochagua: itakaposhindwa, itamshinda nani?

Usiku tulilala chumbani wote watatu, tumepangana kama samaki wa kopo, na tulilala kweli. Asubuhi upepo ulirudi mahali pake. Saa nne tulikuwa tunaona moshi wa kijiji, kisha paa la shule, kisha watu wamesimama kwenye maji wakitungoja.

Kabla hajashuka, Sista aliinua ubao wa sakafu, akafungua sanduku. "Athumani, leta mkono." Akaushika mkono wangu uliojaa malengelenge akauingiza ndani mpaka kiwikoni. Barafu ilikuwa bado na kona zake. Makame alikuwa anafunga kamba na akaendelea kuifunga muda mrefu kuliko kamba inavyohitaji.

Walichanjwa watoto wote waliokuwepo. Vilio vilikuwa vingi hata mbuzi walikimbia. Kazi ilipoisha nilikwenda pembeni kukaa, na hapo akaja mama mmoja na sahani ya wali na samaki wa mbugani, akaniwekea.

"Karibu chakula, baba."

"Ahsante, mama. Nani jina lako?"

"Mwajabu."

Nikasimama, nikavua kofia. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, yote yakaruka. Nikamwambia kama yalivyokuja.

"Mama, ile mashua ya kwanza, iliyokwama, niliichagua mimi. Wenzangu walitaka hii. Mimi nilitaka ile kwa sababu ilikuwa nzuri. Nimekuja kukuomba radhi."

Alitazama kule ilikofungwa ile ya kijani, ikiwa imekaa juu ya maji ambayo kuku angeweza karibu kuyavuka. Nilidhani ataondoka. Nilidhani ataichukua sahani.

"Alikuwa anaitwa Zena," akasema.

"Zena," nikasema.

"Kula, chakula kinapoa." Akakaa chini, mbali kidogo, akinitazama nikila kama mtu anayehakikisha. Nikala. Sikubakiza hata punje moja. Akachukua sahani, akasimama.

"Kuna wenzetu kule kwenye vichuguu vya mbele, hawakuweza kuja leo," akasema. "Wana watoto wadogo. Mnarudi lini?"

"Baada ya mwezi mmoja, mama, Mungu akipenda."

"Basi nitawaambia mwezi mmoja. Nitawakusanya mimi mwenyewe, wawe hapa. Msinifanye mwongo."

Wanangu, nimefanya kazi ile mpaka nilipostaafu, nimevuta mashua nne tofauti, na nimekosea mengine mengi ambayo sikuyaeleza leo. Watu walionivumilia ni wengi kuliko niliowastahili. Lakini mkiniuliza ni lini hasa niliianza kazi, nitawaambia ni pale, nikiwa nimeshika kofia mkononi mbele ya Mwajabu.

Sikungoja mwezi uishe. Siku ya ishirini na sita tulikuwa tumefika, na wao walikuwa wameshakusanyika.